Nukta ya Milimita Mbili

Mwaka 1940, Hurricane iliyopakwa rangi kwa kufuata kanuni za jeshi la anga la Uingereza ilibeba ubavuni nembo ya duara yenye kipenyo cha inchi 35. Nje kulikuwa na njano, kisha buluu, kisha nyeupe, na katikati kabisa nukta nyekundu ya inchi 5. Ipunguze ndege hiyo mara 72, kipimo walichokizoea zaidi watengenezaji wa modeli, na mabawa yake ya mita 12 yanabaki sentimita 17. Duara linakuwa milimita 12. Ile nukta ya katikati haifiki milimita mbili.

Juu ya nukta hiyo watu wazima, wenye kazi na familia, wamebishana miaka nenda miaka rudi.

Chanzo cha ubishi ni hiki. Hurricane zilizopigana kutoka ardhi ya Kenya mwaka 1940 na 1941 zilirushwa hasa na marubani wa Afrika Kusini, na nchi hiyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa imeweka rangi ya chungwa mahali pa nyekundu katika nembo ya ndege zake. Vita vilipopamba moto, vikosi hivyohivyo vikaanza kupokea ndege zilizotoka kwenye maghala ya Waingereza zikiwa tayari na nyekundu yao. Je, fundi wa uwanja wa vumbi huko kaskazini, mwenye matundu ya risasi ya kuziba na injini ya kufungua kabla jua halijazama, alipata nafasi ya kuchukua brashi na kuigeuza nyekundu kuwa chungwa? Kwa ndege moja alipata, kwa nyingine hakupata. Anayetaka modeli yake iwe ya kweli hana budi kujua ni ndege ipi.

Kwa mkazi wa Ruiru suala hili si la nchi ya mbali. Uwanja wa Eastleigh, ambao leo ni Moi Air Base, uko kilomita ishirini hivi kutoka mjini humo, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndio uliokuwa kitovu cha shughuli za kijeshi za anga hapa Kenya. Ukigeuka upande wa pili wa barabara kuu unaifikia Thika, ambayo nayo ina hadithi yake ya ndege zenye silaha, ingawa ni ya vita vingine na inauma zaidi. Aliyekulia kati ya viwanja hivyo viwili, akapenda modeli za ndege, ana sababu ya kutotosheka na picha iliyochapishwa juu ya sanduku.

Tuseme ni kijana aliyeanza kwa magari ya waya, kama watoto wengi wa Kiambu, akaendelea na makaratasi na mbao laini, na sasa jamaa yake aliyetoka ng'ambo amemletea sanduku la Hurricane ya 1/72. Ndani anakuta vipande vya plastiki ya kijivu, karatasi ya maelekezo, na karatasi ndogo ya stika zinazolowekwa majini kabla ya kubandikwa. Stika hizo karibu kila mara ni za ndege zilizoilinda London katika kiangazi cha 1940. Wenye viwanda hawana chuki na Afrika. Wanauza kile wanunuzi wao wanachokijua, na wanunuzi wao wengi walilelewa na sinema za vita vya anga vya Uingereza.

Hata hao wenye viwanda hawaaminiki hivihivi. Modeli ya kwanza ya ndege iliyouzwa na kampuni ya Airfix, Spitfire ya miaka ya 1950, ilikuja na herufi BT-K ubavuni, na wapenzi wa modeli wameisema tangu hapo kwa umbo lililoigwa kutoka modeli ya kampuni ya Kimarekani, Aurora, badala ya kupimwa kwenye ndege yenyewe. Maelfu ya watoto waliziunganisha wakidhani wameshika nakala halisi. Tabia ya kuiga haikufa. Mchoraji mmoja huchora ndege kwa kukisia, wa pili humnakili wa kwanza, wa tatu huwataja wote wawili kama mashahidi.

Kanuni ya kwanza ya utafiti wa alama ni kwamba aina ya ndege haina alama zake. Yenye alama ni ndege moja, na hata hiyo ni kwa majira fulani tu. Mei 1940 Waingereza waliamuru duara la ubavuni lizungushiwe njano na mkia upakwe mistari mitatu ya nyekundu, nyeupe na buluu. Mwezi uliofuata, tumbo la ndege za kivita, lililokuwa nusu jeusi na nusu jeupe, likaamriwa kuwa na rangi moja ya kijani iliyopauka. Julai 1942 duara likabadilika tena: nyeupe na njano zikakondeshwa ili ndege isionekane upesi na adui. Kwa hiyo Hurricane yenye duara la 1942, ikiwekwa mezani na kibao kinachosema "Wajir, 1940", inampa mtazamaji habari za uongo, hata kama kila bawa limepimwa kwa rula na kila kiungo kimelainishwa kwa msasa.

Na amri iliyotolewa London haikufika Kenya kesho yake. Ilisafiri kwa meli au kwa waraka, ikapita makao makuu ya Cairo na Nairobi, ikamkuta fundi ana makopo mawili ya rangi na hakuna la tatu. Mtafiti anayejua amri peke yake amejua kilichotakiwa kufanywa. Kilichofanywa kiko kwenye picha.

Vita vyenyewe vilianza Juni 10, 1940, Italia ilipoingia vitani ikiwa na majeshi Ethiopia, Eritrea na Somalia. Siku tatu baadaye ndege tatu za Caproni ziliishambulia Wajir alfajiri, ambako palikuwa na ndege za kikosi namba 237 cha Rhodesia. Upande wa Kenya ulikuwa na mkusanyiko ambao leo ungewatia wazimu watengenezaji wa modeli kwa furaha: Hawker Hardy za mabawa mawili, Hartebeest za Afrika Kusini zinazofanana nazo kiasi cha kumchanganya mtu, Fury zilizokuwa zimeshapitwa na wakati, Hurricane chache, na mabomu yakibebwa na Junkers Ju 86. Hizi za mwisho zilitengenezwa Ujerumani. Afrika Kusini ilizinunua kabla ya vita kwa ajili ya shirika lake la ndege za abiria, kisha ikazigeuza kuwa za kivita, na Juni hiyo ya 1940 zikapiga shabaha za Waitalia upande wa Moyale. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba duara ubavuni halikuwa pambo. Askari wa bunduki za kutungulia ndege, akiona umbo la Kijerumani likimjia, alikuwa na sekunde chache za kuamua kama afyatue.

Sasa turudi kwenye picha, kwa sababu ndiyo shahidi anayeaminiwa kuliko wote, na ndiye mwenye hila kuliko wote.

Picha nyingi za vita hivyo ni za nyeusi na nyeupe, na mtu hudhani kwamba nyeusi na nyeupe ni lugha moja. Sivyo. Wakati ule zilitumika filamu za namna mbili. Moja, ya kizamani zaidi, haikuiona kabisa rangi nyekundu: chochote chekundu kilitoka karibu cheusi, na njano nayo ikatoka na giza kuliko inavyoonekana kwa macho. Ya pili iliziona rangi zote, hivyo njano ikatoka nyeupenyeupe na nyekundu ikawa kijivu cha wastani. Piga picha ndege moja, saa moja, kwa filamu hizo mbili, na utapata ndege mbili. Kwenye ya kwanza duara lile la inchi 35 litaonekana kama limezungushiwa mkanda wa giza, na asiyejua ataandika kwamba fundi aliufuta mkanda wa njano. Kwenye ya pili mkanda unang'aa.

Ndiyo maana mtafiti mzuri haanzi kwa kuitazama nukta. Anaanza kwa kutafuta ndani ya picha hiyohiyo kitu ambacho rangi yake inajulikana. Bendera inasaidia. Mistari ya mkiani inasaidia zaidi: kama mkiani kuna nyekundu ambayo haikuguswa, na katikati ya duara kuna kijivu kilicho chepesi kuliko nyekundu hiyo, basi inawezekana tunaangalia chungwa. Kama vivuli vyote viwili vinalingana, picha haijasema kitu, kwa sababu huenda zote mbili ni nyekundu na huenda zote mbili zilipakwa chungwa. Hata kichujio cha njano au chekundu kilichofungwa mbele ya lenzi ili mawingu yatoke vizuri kinatosha kuvuruga hesabu yote.

Jua la ikweta nalo lina mkono wake. Rangi za kuficha ndege za wakati huo, kahawia ya udongo na kijani kibichi, zilichujuka kwa miezi michache ya kuachwa nje bila paa, na sehemu iliyopakwa upya baada ya matengenezo ilibaki imekolea kama kiraka kwenye shati la shule. Mtazamaji wa picha akiona doa la giza ubavuni huweza kudhani ni alama iliyofutwa kwa makusudi. Huenda ni kiraka tu. Huenda pia mkaguzi wa habari alipita hapo, kwa sababu wakaguzi wa wakati wa vita waliifuta namba ya ndege kwenye picha kabla ya kuruhusu gazeti kuichapisha.

Namba, ikiwa imesalimika, ni hazina. Waingereza waliandika karibu na mkia herufi na tarakimu: L1547 ndiyo iliyokuwa namba ya Hurricane ya kwanza kutoka kiwandani. Afrika Kusini ilikuwa na orodha yake ya namba tupu zisizo na herufi. Hartebeest pekee iliyosalia duniani, iliyomo katika jumba la makumbusho ya vita la Ditsong huko Saxonwold, Johannesburg, ni namba 851. Kwa hiyo ukiona kwenye picha ya Kenya Hurricane yenye tarakimu bila herufi, umeshapata fununu kwamba iliandikishwa Pretoria na huenda ilipata chungwa lake mapema. Ukiona herufi na tarakimu nne, ndege ilitoka kwenye ghala la Uingereza, na mashaka ya nukta yanarudi palepale.

Baada ya picha huja karatasi. Kila kikosi cha Uingereza kilitakiwa kuandika shajara ya kazi zake kila siku, na nyingi zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, eneo la Kew, London. Fomu 540 hueleza siku ilivyokwenda. Fomu 541 ndiyo tamu kwa mtengeneza modeli, kwa kuwa huorodhesha safari, marubani, na mara nyingi namba ya ndege. Shajara za vikosi vya Afrika Kusini ziko Pretoria, kwenye kituo cha nyaraka za jeshi. Karatasi hizo hazitaji rangi, kwa sababu hakuna karani aliyeamka asubuhi akaandika kwamba leo duara limepakwa upya. Kazi yake ni kukuambia ndege fulani ilikuwa wapi Jumanne fulani, ili picha iliyoandikwa nyuma yake "Kenya 1940" na mtu aliyekwishasahau isikupoteze.

Mkazi wa Ruiru hana haja ya kuanza kwa visa ya Uingereza. Kenya National Archives, barabara ya Moi jijini Nairobi, ina taarifa za mwaka za maofisa wa wilaya, zikiwemo za ile iliyoitwa Northern Frontier District, na huko ndiko kulikopigwa vita vya mwaka 1940. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwenye barabara ya Banda, ina magazeti ya zamani, na gazeti la Kiswahili la Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, lilikuwa likiwaeleza wasomaji wa Kiafrika habari za vita wiki baada ya wiki. Magazeti ya vita hayatoi namba za ndege, lakini yanatoa tarehe, na tarehe ni uzi wa kuvutia mengine. Vivyo hivyo makaburi ya vita ya Ngong Road. Jiwe la rubani lina jina la jeshi lake na siku aliyokufa, na siku hiyo ukiitafuta kwenye shajara unakutana na ndege.

Mfano mzuri wa yote haya ni mkasa wa Machi 15, 1941. Kufikia hapo majeshi yaliyotoka Kenya chini ya Jenerali Alan Cunningham yalikuwa yameingia Kismayu Februari 14 na Mogadishu Februari 25, na yalikuwa yakipanda kuelekea Harar. Kikosi namba 3 cha Afrika Kusini, kilichokuwa na Hurricane, kiliushambulia uwanja wa Diredawa. Kapteni John Frost, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jack, alipigwa, akalazimika kutua kwenye uwanja mdogo wa adui. Luteni Robert Kershaw akatua karibu naye huku wakipigwa risasi. Hurricane ina kiti kimoja. Frost aliingia akakaa kitini, Kershaw akakaa mapajani mwake, na wakaruka hivyo wote wawili mpaka kwao. Kershaw alitunukiwa nishani ya DSO. Frost aliendelea hadi kuwa mmoja wa marubani waliotungua ndege nyingi zaidi katika jeshi la anga la Afrika Kusini, kisha akapotea vitani Juni 16, 1942, katika mapigano ya jangwa la kaskazini mwa Afrika, akiwa kamanda wa kikosi namba 5.

Mtengeneza modeli anayeupenda mkasa huo ana Hurricane mbili za kuchagua, na kila moja ina taabu yake. Ile ya Frost ilibaki mikononi mwa adui. Picha yoyote yake ikiwa bado kazini lazima iwe ya kabla ya siku hiyo. Ile ya Kershaw ilirudi, na ndege inayorudi huendelea kufanya kazi: hubadilishiwa bawa, hupakwa upya, huhamishiwa kikosi kingine. Picha yake ya Mei si ushahidi wa Machi. Mtu akiwa mkali na nafsi yake, anatafuta picha zilizopigwa kati ya Februari na Machi, analinganisha herufi ya ndege na orodha ya safari za siku hiyo, na asipoipata anachagua ndege nyingine ya kikosi hichohicho yenye ushahidi wa kutosha. Wengi hawafanyi hivyo. Wanaipenda hadithi kuliko ushahidi, wanabandika herufi iliyowavutia, na kuandika jina la shujaa kwenye kibao. Hapo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni heri modeli isiyo na jina.

Waitalia wamechunguzwa vizuri zaidi kuliko inavyodhaniwa. Fiat CR.42 zao zilibeba msalaba mweupe wa ukoo wa kifalme wa Savoia mkiani, jambo lililozifanya zitambulike kwa mbali, na mkusanyiko wa picha uliofanywa na watafiti wa Italia umewasaidia wengi. CR.42 moja imo katika jumba la makumbusho ya jeshi la anga huko Hendon, London, lakini hiyo ilitua Uingereza mwaka 1940 na rangi zake ni za vita vya Ulaya. Anayeikopi kwa ajili ya modeli ya Afrika Mashariki anapotea mlangoni.

Kuna pia mlango usiotarajiwa, wa jeshi la maji. Aprili 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, manowari za Uingereza za Bahari Hindi zilikimbilia Kilindini, na ndege zao zikahitaji mafundi. Karakana kubwa ya kuzitengeneza ikawekwa Nairobi, mamia ya kilomita kutoka baharini, ikapewa jina la meli kama ilivyo desturi ya wanamaji: HMS Korongo. Mei mwaka huohuo Martlet za kutoka manowari ya Illustrious zilipigana Madagaska. Huku nyekundu ya katikati ilikuja kuwa balaa, kwa maana Mjapani alipaka duara jekundu tupu, na katika vita vya mashariki Waingereza waliishia kuiondoa kabisa nyekundu yao ili wasiuane wenyewe kwa wenyewe. Ndege ya majini ya 1942 na ya 1944, zote zikiwa zimepita Nairobi, hazina nembo moja.

Utafiti ukiisha huanza kazi ya mikono, na hapo ndipo ugumu mwingine unapojitokeza. Stika za kununua zenye alama za Afrika Kusini hutengenezwa na kampuni ndogondogo za nje, na gharama ya kuzisafirisha hadi Kenya yaweza kuzidi ya karatasi yenyewe. Mtu aweza kuchapisha zake kwenye karatasi maalumu kwa printa ya kawaida, ila printa hizo hazina wino mweupe. Nyeupe ya duara ikichapishwa kama nafasi tupu, kahawia ya ndege inapenya chini yake na duara zima linafifia. Njia ya mafundi wenye subira ni kupaka kwanza diski nyeupe, kuikausha, kisha kuikata karatasi ya kuzuia rangi kwa bikari yenye wembe, duara moja baada ya jingine, kutoka nje kuja ndani. Chungwa la katikati hupatikana kwa ncha ya kijiti cha meno. Kwenye kipimo hicho kosa la nusu milimita ni sawa na sentimita tatu na zaidi kwenye ndege yenyewe, na jicho huliona.

Ukiwauliza watu wa Thika, hata hivyo, Hurricane siyo ndege ya vita wanayoisikia kwanza wakihadithiwa na wazee. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Machi 1953, ndege za Harvard za kikosi kidogo namba 1340 zilitoka Thornhill, Rhodesia Kusini, zikaja Thika, kabla ya kuhamishiwa Mweiga, karibu na Nyeri, ili ziwe jirani na misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Baadaye mwaka huohuo zikaja Lincoln, ndege kubwa za injini nne, zikitumia Eastleigh. Ndege nyepesi za Piper za polisi wa akiba zilitangulia kutafuta shabaha. Mabomu yaliangushwa ndani ya misitu iliyotangazwa kuwa eneo lililokatazwa, dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau wasiokuwa na ndege hata moja.

Harvard ilibuniwa kuwa ndege ya kufundishia marubani. Nembo yake mwaka 1953 haikuwa ile ya 1940: tangu 1947 Waingereza walikuwa wamerudi kwenye duara la rangi zinazong'aa, nyekundu ikiwa pana, na ndege zao za mafunzo za miaka hiyo zilipakwa rangi ya fedha na kuvishwa mikanda ya njano ili zionwe kwa urahisi. Mtafiti anapoingia hapa, nusu ya ushahidi wake uko mbali na nyumbani. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ikiendelea London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park maelfu ya faili za makoloni yake, za Kenya zikiwemo. Sasa ziko Kew, na Mkenya anayetaka nakala ya habari za kijiji chake hulipa kwa pauni.

Ushahidi mwingine uko hapahapa, katika vichwa vya watu wa Thika, Murang'a na Nyeri waliokuwa watoto wakati huo. Kumbukumbu ya mtoto haitoi namba ya ndege, lakini huweza kutoa kile ambacho shajara haikuandika: kama ndege ilikuwa ya njano nzima au ya fedha, kama ilipita peke yake au kwa jozi, kama mlio wa rafadha yake ulisikika kabla haijaonekana. Watengenezaji wa modeli wa Ulaya wangelipa fedha nyingi kupata shahidi wa aina hiyo, na idadi ya walio hai inapungua kila mwaka. Kumuuliza kunahitaji adabu. Mzee aliyefiwa msituni hatafurahi kuonyeshwa mchezo wa plastiki, na anayekwenda kwake na daftari aeleze kwanza kwa nini anataka kujua.

Silaha za Harvard hizo zinajulikana: bunduki moja ya rashasha, na chini ya mabawa mabomu manane madogo ya ratili 20. Sanduku la kawaida la Harvard, lililokusudiwa kuonyesha ndege ya mafunzo, halina mabomu hayo, na anayetaka kuijenga ile ya Thika itambidi ayachonge mwenyewe.